Kwenda Ngazija: Udugu Hautoshi Bila Pasipoti



Ndugu wasomaji, ni nadra kuuliza nasaba katika mitaa ya kale ya pwani yetu usimpate mtu ambaye babu yake alitoka Ngazija, au ambaye shangazi yake aliolewa huko. Habib Swaleh Jamalilleyl, aliyeasisi Riyadha ya Lamu, alizaliwa Ngazija. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi Unguja hadi alipofariki mwaka 1925, naye alizaliwa Ngazija, mwaka 1861. Madhehebu yetu ni moja, maulidi yetu yanashabihiana, na kofia anayoivaa mzee wa Moroni siku ya Ijumaa haimshangazi mzee wa Mombasa.

Hata hivyo, wachache kati yetu wamefika huko. Visiwa hivi vimo kwenye lango la kaskazini la Mlango wa Msumbiji, baina ya Afrika na Bukini, na safari ya kwenda huko inahitaji maandalizi kuliko safari ya Tanga au Unguja. Kwa kuwa miezi ya harusi hukaribia kila mwaka na familia kadhaa hupata mialiko, tumeona ni vyema kueleza yampasayo msafiri: atakachotakiwa kuonyesha mlangoni, namna ya kutembea akishaingia, na hasa njia ambazo hatupendi mzazi yeyote awapitishe wanawe.

NCHI YENYEWE

Tunaposema Ngazija kwa mazoea, mara nyingi tunakusudia visiwa vyote. Kwa hakika Ngazija ni kisiwa kimoja, kikubwa kuliko vingine, ambako uko mji mkuu, Moroni. Vyengine viwili vilivyomo katika Muungano wa Komoro ni Nzwani na Mwali. Kisiwa cha nne, Maore, kwa ramani ni ndugu yao, lakini kinatawaliwa na Ufaransa. Habari zake tutazieleza mbali, kwa sababu kinawaponza wengi.

Komoro ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1975. Visiwa vyote vitatu vina ukubwa wa kilomita za mraba 1,862 tu. Ni nchi ya milima ya volkeno, na mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ungali hai. Mwaka 2005 ulitema majivu yaliyoharibu maji ya kunywa katika vijiji vingi vya Ngazija. Lugha za serikali ni tatu: Shikomori, Kiarabu na Kifaransa.

KARATASI ZA KUINGILIA

Jambo la kwanza ni pasipoti. Tumezoea Mkenya kuvuka kwenda Uganda au Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Komoro haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kitambulisho hicho hakimfikishi mtu popote huko. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi tangu siku ya kuingia, na iwe na kurasa tupu za kupigwa mihuri.

La pili ni viza. Kwa miaka mingi utaratibu wa Komoro umekuwa mwepesi kwa wageni: viza hutolewa mtu anapofika, ada yake imekuwa euro 30, na muda wake siku 45. Lakini taratibu za mipaka hubadilika bila ya kutangazwa misikitini. Kabla ya kulipia tiketi, uliza katika ofisi ya ubalozi wa Komoro au katika shirika la ndege litakalokuchukua, kwani shirika ndilo litakalokuzuia Nairobi iwapo karatasi hazikutimia. Ada hiyo iandae taslimu, kwa euro, na kwa noti ndogondogo.

La tatu ni tiketi ya kurudi pamoja na anwani ya unapofikia. Afisa wa uhamiaji ana haki ya kukuuliza utakaa kwa nani na utaondoka lini. Jibu la "kwa jamaa zangu" halitoshi. Andika jina kamili la mwenyeji, mji wake na nambari yake ya simu, na karatasi hiyo uiweke pamoja na pasipoti, si ndani ya sanduku lililokwenda shehenani.

La nne linawahusu watoto. Kila mtoto, hata mchanga wa maziwa, anahitaji pasipoti yake. Mtoto anapofuatana na mzazi mmoja, au na bibi, au na mjomba, ni busara kuchukua barua ya idhini ya mzazi asiyesafiri, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Familia zetu ni pana, na mtoto wa mmoja ni mtoto wa wote. Ila maafisa wa mipaka wanatakiwa kuzuia wizi wa watoto, na hawana njia ya kujua kuwa huyu kwako ni mjukuu.

Kwa mama aliyeolewa ambaye jina la pasipoti yake halifanani na la watoto wake, cheti cha ndoa nacho kifuatane naye.

AFYA

Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo homa ya manjano yaweza kuambukizwa. Kwa hiyo msafiri wetu asitoke bila ya kadi ya njano ya chanjo, ili asipate mashaka mlangoni. Chanjo yahitaji siku 10 kabla ya kuhesabiwa kuwa na nguvu, na tangu mwaka 2016 kadi moja inatambuliwa kwa umri mzima. Aliyekwisha kuchanjwa kwa safari ya Hija na kadi angali nayo, hana haja ya kuchanjwa tena.

Malaria iko. Chukua chandarua na umuone daktari mapema kuhusu dawa ya kinga, hasa kwa wajawazito na watoto. Maji ya kunywa yachemshwe. Mgonjwa wa kisukari, presha au pumu achukue dawa za safari nzima na akiba ya wiki moja zaidi, kwa sababu maduka ya dawa si mengi na matibabu ya kitaalamu ni haba. Wenyeji wenyewe, wanapougua sana na uwezo ukiwapo, huvuka bahari kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Mzee aliyedhoofika anayetamani kwenda kuzuru makaburi ya wazazi wake asaidiwe, lakini kwanza apimwe.

FEDHA

Sarafu ya huko ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa na euro: euro moja ni takriban faranga 492. Shilingi ya Kenya usiitegemee. M-Pesa tuliyozoea kulipia hata mchicha haikubaliwi madukani, mashine za kutolea pesa ni chache, na kadi za benki hupokewa mahali pachache mno. Msafiri achukue euro taslimu, azigawe sehemu mbili au tatu, na abadilishe benki. Akiwa Nzwani au Mwali asitarajie wepesi hata ule wa Moroni. Abadilishe kabla ya kuvuka.

Na umeme: soketi za huko ni za mtindo wa Kifaransa, za pini mbili za mviringo. Chaja ya Kenya haiingii bila ya kiunganishi, na umeme wenyewe hukatika. Tochi ni mali.

KUFIKA NA KUTEMBEA NCHI KAVU

Ndege hutoka Nairobi, Dar es Salaam na Addis Ababa, na kutoka Nairobi moja kwa moja ni mwendo wa saa mbili hivi. Uwanja wa kimataifa uko Hahaya, kaskazini ya Moroni. Saa za huko ni sawa na zetu, kwa hiyo hakuna kubadilisha saa wala kubabaika na vipindi vya swala.

Kuhusu swala, mwenye kufuata madhehebu ya Shafi na kunuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ataswali kikamilifu tangu anapofika. Anayekwenda kwa muda mfupi zaidi ana ruhusa ya kupunguza. Mwenye shaka amuulize shekhe wake kabla ya kufunga safari.

Mjini Moroni gari la kukodi peke yako si lazima. Teksi nyingi ni za kushirikiana: unasimama kandoni mwa barabara, unamtajia dereva unakokwenda, naye akiwa anaelekea huko hukuchukua pamoja na wengine, kila mtu kwa nauli yake. Uliza nauli kabla ya kupanda. Kwenda mashamba kuna magari madogo ya abiria yanayoondoka yakijaa, kama matatu zetu, na mengi husita jioni. Anayekwenda kijiji cha mbali apange kufika kabla ya Magharibi.

Magari hupita mkono wa kulia, kinyume cha kwetu. Hili lina hatari kubwa kwa watoto kuliko wanavyodhani wazazi. Mtoto wa Kenya amefunzwa kutazama kulia kwanza anapovuka. Moroni gari litamjia kutoka kushoto. Siku ya kwanza watoto washikwe mikono na wafundishwe upya. Barabara za Nzwani nazo ni za milimani, zenye kona kali, na mvua ikinyesha hutereza.

BAINA YA KISIWA NA KISIWA

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji atulie na asome kwa makini.

Kutoka kisiwa hadi kisiwa njia ni mbili, ndege ndogo au chombo cha baharini. Ndege hazina uhakika wa ratiba. Husogezwa mbele, hufutwa, au hujaa. Baharini ziko meli za abiria, na ziko mashua za kasi za faiba zenye mashine moja au mbili, kama zile zinazoondoka Chindini, kusini ya Ngazija, kuelekea Hoani kisiwani Mwali. Macho ya mtu aliyekulia Lamu, Faza au Wasini huiona bahari hiyo akadhani ni ile ile aliyoizoea. Siyo. Visiwa vile vimetoka kwenye kina kirefu. Nje ya ufuo hakuna mkondo tulivu uliokingwa na mikoko wala kisiwa cha kujisitiri. Upepo wa kusi ukishika nguvu, mawimbi huwa ya bahari kuu.

Mwezi Agosti 2011 meli iliyotoka Ngazija kwenda Nzwani ilizama na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Tarehe 26 Februari 2022 ndege ndogo iliyokuwa na watu 14, ikitoka Moroni kwenda Mwali, ilianguka baharini karibu na mwisho wa safari yake. Hatuyataji haya kumtia mtu hofu, wala kuzikataa kadari za Mwenyezi Mungu. Tunayataja kwa sababu kujihadhari ni katika dini, na kwa sababu tumesikia mara nyingi mtu akisema, "Wenyeji wote wanapanda, na sisi tupande." Wenyeji wengi hupanda kwa kukosa njia nyengine. Mgeni aliyekwenda harusini ana hiari ya kungoja.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, usipange kuvuka kisiwa siku moja kabla ya ndege yako ya kurudi Kenya. Acha siku mbili au tatu katikati. Pili, panda chombo ambacho kila abiria ana jaketi la kuokolea, na la mtoto liwe la kimo chake. Ukiambiwa "yako ndani", omba uyaone. Tatu, ondoka asubuhi, kabla ya upepo kuamka. Nne, chombo kikijaa kupita kiasi, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Nauli iliyopotea hulipika. Tano, mjulishe jamaa aliyeko upande wa pili jina la chombo na saa uliyoondoka.

HABARI YA MAORE

Kwenye ramani, Maore iko karibu na Nzwani, kiasi cha kilomita 70 tu za bahari. Katika kura ya mwaka 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru, na wengi wa Maore wakachagua kubaki na Ufaransa. Serikali ya Komoro hadi leo inadai kisiwa hicho ni chake. Ufaransa nayo ilikifanya mkoa wake kamili mwaka 2011. Mnamo 1995 Ufaransa iliweka sharti la viza kwa Wakomoro wanaotaka kuingia Maore, na tangu hapo mtu wa Nzwani hawezi kwenda kumzika ndugu yake ng'ambo ya pili bila ya karatasi ambazo ni vigumu mno kuzipata.

Matokeo yake ni mashua ndogo zinazovuka usiku, zinazoitwa kwassa-kwassa. Zimebeba wagonjwa waliokuwa wakitafuta hospitali, wajawazito, watoto wanaofuata wazazi wao, na vijana watafutao kazi. Maelfu wamezama katika mkondo huo, na wengi wao hawana kaburi wala jina lililoandikwa popote.

Msomaji wetu aelewe mambo mawili. Viza ya Komoro haimwingizi mtu Maore, na hata viza ya Schengen ya kwenda Paris haimwingizi. Kisiwa hicho kina viza yake maalumu ambayo huombwa ubalozi wa Ufaransa kabla ya safari. Na pili, akitokea mtu Nzwani au hata Mombasa akakuahidi kukuvusha "kwa njia ya ndugu", kwa malipo na bila ya muhuri, mtu huyo hakufanyii udugu. Vijana wetu hasa waambiwe haya majumbani, kwa upole na kwa uwazi, kabla hawajaambiwa na wengine kinyume chake.

LUGHA NA ADABU

Shikomori na Kiswahili ni jamaa wa karibu, na wazee wengi wa Ngazija, hasa waliopata kuishi Unguja, husema Kiswahili fasaha. Lakini ujamaa wa lugha una mitego yake. Huko neno "marahaba" si jibu la shikamoo. Maana yake ni "asante". Kijana humwamkia mkubwa wake kwa kusema "kwezi", na mkubwa hujibu "mbona". Mtoto wa Mombasa akiambiwa "mbona" asidhani anaulizwa sababu ya jambo. Zaidi ya hayo, Kifaransa kidogo humsaidia msafiri ofisini na hospitalini.

Mavazi ya stara yanayovaliwa kwetu yanatosha. Mama aliyejitanda leso hatatazamwa kama mgeni, ingawa atawaona wanawake wa Nzwani katika shiromani yao na pengine ataitamani. Msikitini na kwenye mabaraza ya miji ya kale kuna mahali maalumu pa kukaa watu waliokwisha kutimiza harusi kubwa ya ada. Mgeni angoje aonyeshwe pa kukaa.

Lipo pia la maji. Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua hunyonywa na mawe ya volkeno, na vijiji vingi hutegemea birika za maji ya mvua. Mwenyeji hatakwambia kitu, lakini kila ndoo unayoimwaga bure imetoka kwenye birika la nyumba yake. Oga na utawadhe kwa kiasi.

WAKATI WA KWENDA

Miezi ya Mei hadi Oktoba ni ya ukavu na hewa nyepesi. Novemba hadi Aprili ni joto na mvua, na vimbunga huweza kupita. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliharibu nyumba na mashamba kisiwani Ngazija. Julai na Agosti ni msimu wa harusi kubwa. Wakomoro waishio Ufaransa hurudi kwa wingi, ndege hujaa na nauli hupanda, basi aliyealikwa akate tiketi miezi kadhaa mapema.

Mwenye siku za ziada atazame alichojaaliwa: mji wa kale wa Moroni na msikiti wake wa Ijumaa ufukweni, vichochoro vya Mutsamudu huko Nzwani na ngome iliyo juu yake, harufu ya mlangilangi na karafuu, au kasa wanaopanda kutaga mayai usiku katika kijiji cha Itsamia kisiwani Mwali. Kwa kasa, nenda na mwongozaji wa kijiji na usiwamulike kwa tochi.

MWISHO

Wazee wetu walikwenda na kurudi kwa jahazi, kwa kusi na kaskazi, na muhuri wao ulikuwa ni salamu na jina la baba. Zama hizo zimepita. Leo baina yetu na jamaa zetu kuna dirisha la afisa, na hakuna dhambi wala aibu katika kulijia dirisha hilo na karatasi kamili. Anayeunga udugu kwa utaratibu huweza kurudi tena mwaka ujao na kuwachukua watoto wake. Anayeuunga kwa njia ya panya huhatarisha hata ule uliopo.

Basi aliyenuia na apange: pasipoti, kadi ya chanjo, euro taslimu, tiketi ya kurudi, anwani ya mwenyeji, na subira ya kungoja chombo salama. Kisha aage vizuri, aombe radhi za wazazi, asome dua ya safari na aondoke. Mwenyezi Mungu awafikishe salama waendao, awarehemu waliozama katika bahari ile, na awakutanishe jamaa waliotengana. Amin.